Bunduki Isiyoumiza Bega: Ipi Ununue kwa Kulungu na Koyote Marekani

Ukitaka bunduki moja ya kuwindia kulungu wakati wa msimu na koyote (mnyama kama mbweha mkubwa) majira ya baridi, anza kuchagua risasi kabla hujataja jina la kampuni. Risasi ndiyo inayoamua bunduki itakupiga bega kiasi gani.

Wengi wetu tuliohamia Marekani hatukuwahi kushika bunduki nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Ukifika Texas au Minnesota, jirani mkarimu anakuazima bunduki ya babu yake ya risasi kubwa aina ya .30-06, unafyatua mara tano, bega linavimba. Kuanzia hapo mwili unajifunza kuogopa, na mwindaji anayeogopa bunduki yake humjeruhi mnyama akakimbilia msituni kufa taratibu. Hilo ndilo linalonifanya nisisitize bunduki tulivu.

Woga huo unapimika. Ukiwa uwanja wa shabaha, mwombe mwenzako akuwekee risasi bandia katikati ya risasi za kweli bila wewe kujua ni ya ngapi. Ukifyatua ile bandia, mwenzako atazame mdomo wa mtutu. Mtutu ukishuka ghafla na jicho lako likafumba, umeshajua tatizo liko wapi. Kwa risasi ya kweli hungeona lolote, maana kishindo kinaficha kila kitu.

Nguvu ya teke la bunduki hutokana na uzito wa risasi, wingi wa baruti na uzito wa bunduki yenyewe. Wamarekani huipima kwa futi-pauni: namba ikiwa kubwa, teke ni kubwa. Kwa bunduki ya kilo tatu na nusu hivi, risasi aina ya .30-06 hupiga karibu 20, 6.5 Creedmoor karibu 12, .243 Winchester karibu 9, na .223 Remington 3 au 4 tu.

Chaguo langu la kwanza, bila kusitasita, ni .243 Winchester. Ilitoka mwaka 1955, ikiwa ni ganda la risasi nyingine, .308, lililobanwa shingo lichukue risasi nyembamba ya milimita 6. Uzuri wake kwa kazi hizi mbili ni kwamba risasi zake zina uzito wa namna nyingi, unaopimwa kwa greni: greni 55 hadi 75 kwa koyote, greni 90 hadi 100 kwa kulungu. Inauzwa karibu kila duka la risasi, hata miji midogo, na karibu kila kiwanda kinaitengenezea bunduki.

Lakini sikiliza hapa vizuri. Zile risasi nyepesi za koyote zimetengenezwa zipasuke mara zinapogusa. Ukimpiga nazo kulungu begani, zinaweza kupasukia juu juu, zikaacha jeraha pana lisilofika kwenye mapafu. Kwa kulungu soma boksi, nunua greni 95 au 100 zilizoandikwa kwamba ni za kulungu, na lenga nyuma kidogo ya bega. Pia usidhani risasi nyepesi na nzito zitatua mahali pamoja. Kila ukibadilisha, rudi uwanjani urekebishe darubini kabla ya kwenda porini. Mimi nisingempiga kulungu kwa .243 kupita mita 200 hivi.

Ya pili ni 6.5 Creedmoor, iliyoletwa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2007. Ina nguvu zaidi kwa kulungu wakubwa wa kaskazini na hushika vizuri kwenye upepo. Teke lake bado linavumilika kwa mtu mzima. Naiweka nyuma kwa sababu ni nzito kuliko inavyohitajika kwa koyote. Ukitaka kuuza ngozi, tundu litakuwa kubwa.

Ya tatu ni .350 Legend ya mwaka 2019, na hii ni kwa ajili ya sheria. Ohio, kwa mfano, haikuruhusu risasi zenye ganda lililobanwa shingo kwa kulungu. Iliruhusu zile za ganda lililonyooka tu, kama hii. Kama sheria ya jimbo lako bado ni hiyo, mjadala wa .243 kwa kulungu umekwisha. Inapiga bega kwa upole, ila huanguka haraka ukivuka mita 180 hivi.

.223 naiweka mwisho, ingawa kwa koyote peke yake ningeipa nafasi ya kwanza. Texas inairuhusu kwa kulungu, lakini Colorado inataka risasi ya kipenyo cha angalau milimita 6, na Virginia nayo inaikataa. Mwanzo wa uwindaji si wakati wa kutegemea risasi ndogo isiyosamehe kosa.

Kuhusu bunduki zenyewe, kwa bajeti ya kawaida ningeshika Ruger American au Savage Axis, zote za kuvuta bolti (komeo unalolivuta kwa mkono kuingiza kila risasi), zote zinapiga shabaha vizuri kuliko bei yake. Mwenye uwezo zaidi atazame Tikka T3x kutoka Ufini. Bolti yake huteleza laini ajabu. Usivutiwe na bunduki nyepesi kupita kiasi, kwani kila gramu unayopunguza inarudi begani.

Kipimo cha mwili ni muhimu kama risasi. Kunja kiwiko, weka kitako cha bunduki kwenye mkunjo wake: kidole cha shahada kifike vizuri kwenye kifyatuo. Kisipofika, kitako ni kirefu, na hili huwapata sana kina mama na vijana. Ruger na Savage wanatengeneza aina fupi, ombeni hiyo. Kipunguza-teke cha mdomo wa mtutu kinasaidia kweli, ila kelele yake huumiza masikio vibaya, hivyo vaa kinga za masikio hata porini.

Dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya serikali ya kununulia bunduki, na historia yako kukaguliwa na mfumo wa FBI. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua; aje na kitambulisho chenye anwani yake ya sasa na namba yake ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida hakubaliwi, isipokuwa ana sababu inayotambuliwa kisheria, na mojawapo ni leseni halali ya kuwinda. Basi nenda na leseni yako mkononi, na usome kanuni za jimbo lako za mwaka huu kabla ya kulipa.