Taa ya bunduki: miezi 14 na Streamlight ProTac HL-X huku Texas

Nimekaa na hii taa miezi 14 sasa ndo maana naandika, sikutaka kuandika mapema maana kitu kikiwa kipya kila mtu anakisifia. Sisi tunaishi nje kidogo ya Abilene, Texas, tuna mbuzi 22 na kuku wa mama watoto, na huku Abilene tuko waongea Kiswahili wengi tu, Wakongomani, Warundi, Watanzania kidogo, na wengi wakishapata kaeneo ka kufugia wananipigia simu kuuliza mambo ya bunduki na taa. Kwaiyo nayaweka yote hapa.

Shida yetu ni koyote, mnyama kama bweha wetu wa nyumbani, na nguruwe pori. Koyote anakuja usiku anachukua mwanambuzi bila hata kelele. Nguruwe wanafukua majani shamba zima kama trekta limepita. Sheria ya Texas tangu 1 Septemba 2019 nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi hauhitaji leseni ya kuwinda ilimradi mwenye ardhi amekubali, na usiku na taa unaruhusiwa, ila paa na wanyama wa mawindo wengine KWA TAA HAPANA, hilo wakikukamata ni kesi. Na kama ndo umefika juzijuzi, green card unaruhusiwa kununua bunduki, viza ya mwanafunzi au matembezi kwa kawaida hairuhusu, usijaribu kumtuma mtu akununulie, huo ni jela.

Sasa kabla ya hii nilinunua ingine mtandaoni, jina silitaji, dola 35, kwenye boksi wameandika lumeni 10,000. Nikaifunga, nikaenda renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, magazini ya pili taa imeshazunguka inamulika pembeni, alafu ile swichi ya waya gundi yake ikabanduka kwa joto. Kibaya zaidi ilikua inajiwasha yenyewe ndani ya sefu, nafungua asubuhi betri imekufa. Fikiria ndo usiku mbuzi wanapiga kelele unatoka unabonyeza hakuna kitu. Wiki ile nilipoteza wanambuzi wawili na iliniuma sana kwa sababu bunduki ninayo, macho ninayo, mwanga sina.

Hapo ndo nikaanza kusoma vizuri. Watu wengi tunaangalia lumeni tu. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa ukiujumlisha, haikwambii umeelekezwa wapi. Kinachokwambia taa inapiga mbali kiasi gani ni kandela, yaani ukali wa ule mwanga wa katikati. Mfano mzuri uko kwa SureFire, kampuni ya kutengeneza taa za bunduki, M600DF yao ina lumeni 1500 na kandela 16,700, alafu M640DFT ina lumeni 700 tu ila kandela 100,000. Lumeni hazifiki hata nusu lakini kwa umbali ile ya pili inaiacha ile ya kwanza mbali sana. Mtu wa nyumba ya vyumba vitatu ile ya kwanza inamfaa maana inatandaza mwanga chumba kizima, mtu wa malisho mapana anataka ya pili.

Na ile "mita 400" kwenye boksi usiichukulie kwamba utaona kitu mita 400. Kipimo cha hizo tochi wanahesabu mpaka pale mwanga unapobaki lux 0.25 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika kwenye kitu), ambao ni kama mwanga wa mbalamwezi basi. Hesabu yake nyepesi, chukua kandela tafuta kipeuo cha pili zidisha mara mbili. Kandela 40,000 kipeuo chake 200, mara mbili ni mita 400. Ila lux ya kweli pale kwenye mnyama ni kandela gawanya kwa umbali mara umbali, kwaiyo kandela 40,000 kwa mita 100 unapata lux 4. Mita 200 unapata lux 1. Unaona inavyoshuka, ukitaka umbali mara mbili unahitaji kandela mara nne. Hii hesabu ndo iliniokoa pesa, maana zizi langu liko mita 60 kutoka kibarazani na uzio wa mwisho ni mita 110 hivi, sikuhitaji kwenda kununua taa ya dola 350.

Nikachukua ProTac Rail Mount HL-X, lumeni 1000, nililipa kama dola 140. Kwenye boksi unapata swichi mbili, ya nyuma ya taa ile ya kidole na ya waya ya kubandika, betri mbili za CR123A na kishikio chake cha kufunga moja kwa moja kwenye reli ya Picatinny, ile reli ya meno ya kufungia vifaa kwenye bunduki. Kwa bei ile sijaona kilichokamilika hivyo. Kutoka kiwandani inakuja na mwanga wa kumetameta ukibonyeza haraka, mimi siutaki kabisa, unabadilisha kwa kubonyeza haraka haraka mara tisa ya kumi unashikilia mpaka ibadilike. Yangu inawaka kamili tu na kuzima, basi. Usiku mikono inatetemeka, sitaki taa inayonipa machaguo.

Kufunga sasa, na hapa naomba msome polepole maana taa nzuri iliyofungwa vibaya ni bure.

Kwanza toa magazini, vuta bolti nyuma, angalia chemba kwa macho, ingiza na kidole kama giza. Risasi zote peleka chumba kingine. Sio meza ya pembeni, CHUMBA KINGINE. Mimi nina watoto na hili sijadiliani na mtu.

Bunduki yangu ni AR-15 mtutu inchi 16, hendigadi yake (pale mbele mkono unaposhika, kuzunguka mtutu) ni ya M-LOK, ule mfumo wa Magpul wa 2014 wa matundu marefu. Taa yenyewe inataka Picatinny kwaiyo nikanunua kipande kifupi cha reli cha chuma cha kufunga kwenye M-LOK. Vile vinati vya ndani ukikaza vinatakiwa vizunguke robo mzunguko vikae kukatiza tundu, chungulia kwa ndani na tochi uhakikishe vimezunguka, maana kikibaki kimelala na tundu unaweza kudhani umekaza kumbe hakijashika chochote. Futa mafuta kwenye skrubu kwa spiriti, weka tone la Loctite ya bluu, gundi ya kuzuia skrubu kulegea (nyekundu usiweke, hautaifungua tena bila moto), kaza kwa nguvu ya kawaida ya mkono usijitundike kwenye ufunguo. Kabla ya kukaza kishikio cha taa kisukume mbele kiegemee ukingo wa mfereji wa reli, ili bunduki ikipiga teke taa isipate nafasi ya kusogea. Alafu chukua kalamu ya rangi nyeupe uchore kamstari kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye reli. Kamstari kakikatika unajua skrubu imezunguka. Nilipiga risasi 60 nikaangalia, nikakaza moja, baada ya hapo haijasogea mpaka leo.

Wapi uiweke? Shika bunduki haijawa na kitu, fumba macho, inua begani kama siku zote, alafu usihame, angalia dole gumba la mkono wa mbele limeangukia wapi. Hapo ndo swichi inatakiwa iwepo. Mimi natumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto uko mbele, kwaiyo ukitazama bunduki kutoka nyuma kama uso wa saa taa yangu iko katikati ya namba 10 na 11. Swichi ya waya nimeiacha kwenye boksi, natumia ya nyuma, dole linaifikia bila kuhangaika na hakuna waya wa kunasa kwenye uzio wa seng'enge. Rafiki yangu Mrundi yeye mikono mifupi, yake tuliirudisha nyuma na tukaweka swichi ya waya juu ya hendigadi, tukaifunga na zipu taiti, vile vikamba vya plastiki, kwa sababu gundi peke yake kwa joto la Julai la huku siiamini.

Lenzi isukume mbele iwe nyuma kidogo tu ya mdomo wa mtutu. Ukiirudisha nyuma sana mwanga unapiga mtutu na kilengeo cha mbele unakutupia kivuli kikubwa, yangu kivuli kipo upande wa kulia chini ila ni kidogo. Ukiipeleka mbele sana moto wa risasi unaipaka masizi. Hata ilivyo sasa masizi yanashika, kwaiyo kabla ya renji napaka mafuta ya midomo lenzi kidogo, nikirudi nafuta na kitambaa masizi yote yanatoka nayo.

Betri naziandika tarehe kwa maka, nabadilisha zote mbili kwa pamoja, brandi moja, sichanganyi mpya na ya zamani maana hizi lithiamu ukichanganya zinaweza kupata moto. Nilizonunua zinakaa miaka 10 kabatini bila kutumika, nimeweka sita za akiba.

Sasa nisikilizeni hapa. Hii taa SIO tochi. Iko kwenye bunduki, popote unapomulika ndo mtutu umeelekea. Mwezi wa tatu usiku saa nane mbuzi wakaanza kulia, nikatoka, bunduki begani imeangalia chini, mkononi tochi ya kawaida. Namulika zizini naona macho mawili yanang'aa chini ya bomba la maji, kimo cha koyote kabisa. Mke wangu yuko mlangoni ananiambia baba fulani piga wanamaliza mbuzi. Nikasogea hatua kumi na tochi ileile ya mkononi, lile likatikisa mkia. Mbwa wa jirani yetu mzee, alikata kamba yake ikamnasa kwenye bomba, mbuzi walikua wanamlilia yeye. Ningekua natafutia na taa ya bunduki ningekua nimemlenga tayari, kidole karibu, moyo unaenda mbio, na mke anasema piga. Nilimfungua nikampeleka kwao usiku uleule, mzee katoka na nguo za kulalia akanishika mkono muda mrefu hasemi kitu.

Kwaiyo anayeniuliza taa gani huwa namwambia tenga dola 140 za hii na dola 50 za tochi nzuri ya mkononi, na kama hela ya sasa inatosha moja tu, anza na ya mkononi. Ya bunduki nawasha nikishajua ni nini na nyuma yake kuna nini. Koyote nimepata wanne mpaka sasa, wa mbali alikua mita 80 na nilimwona vizuri masikio mpaka mkia. Tangu Aprili sijapoteza mwanambuzi hata mmoja.