Gereji isiyo na kibao pale Ipogolo, Iringa, na Prado yangu iliyokuwa inakunywa wese kama lori

Hii gereji naipa nyota nne. Nianze na namba maana ndo zilizonipeleka huko. Prado yangu ni ya 1998, injini 1KZ-TE, ile dizeli ya CC 2982 yenye turbo, giaboksi otomatiki ya gia nne, namba B. Kila baada ya wiki mbili naenda Njombe kwenye mambo yangu ya parachichi, kutoka Iringa ni kama kilomita 220, kwa hiyo kwenda na kurudi 440. Safari moja mwezi wa sita nikajaza Iringa mpaka pampu ikakata yenyewe, nikaenda, nikarudi kituo kilekile pampu ileile, zikaingia lita 76. Dashibodi inasema nimetembea 425. Gawanya mwenyewe, ni kilomita 5.6 kwa lita. Dizeli hiyo, lami tupu, mtu mmoja na maboksi mawili ya sampuli nyuma. Wenye gari kama yangu wananiambia safarini wanapata nane na kitu, mi nikawa nawaona waongo tu.

Kabla ya Ipogolo nilipita gereji nyingine mjini, sitaitaja, ina vigae sakafuni na wanakupa soda ukisubiri. Mashine yao ya tableti haikuielewa kabisa hii gari, ikawa inaandika tu kwamba haijaunganishwa, sasa badala ya kukubali kwamba hapa inabidi akili itumike wakakimbilia nozo, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Nozo zimechoka bosi, pampu nayo inabidi isetiwe. Laki saba na arobaini ikaondoka. Safari iliyofuata lita 75. Nikarudi kulalamika, kijana wa mapokezi ananiambia kwa upole kabisa otomatiki za zamani ndo zilivyo, uza uchukue Noah. Nilimwangalia tu.

Dereva mmoja wa lori niliyekutana naye Makambako ndo akanielekeza Ipogolo, chini ya mlima kule malori yanakolala, nyuma ya wale wa pancha. Hakuna kibao. Kuna mabati, kuna mti, na giaboksi ya Fuso iliyokufa ambayo ndo kiti cha mteja. Nikamkuta mzee na vijana wake wawili, kamwene, kamwene, nikaanza kumweleza habari za nozo akaninyamazisha. Akauliza, ulipimaje hayo mafuta? Nikamwambia tenki kwa tenki. Akaitikia kwa kichwa, hapo nikajua nimepata alama moja. Halafu akachuchumaa kwenye tairi, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma: 265/75R16.

"Hizi umeweka wewe?"

Nikasema ndio, zinapendeza. Akaniambia gari hii ilikuja na 70 sio 75, hizi ni nene zaidi, gurudumu likizunguka mara moja linaenda mbali kuliko dashibodi inavyodhani. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu, kipenyo kimeongezeka kama asilimia 3.4, ndo maana 440 yangu inasomeka 425. Yaani sehemu ya ugonjwa ilikuwa kwenye hesabu, gari ilikuwa inapata 5.8. Bado ni mbaya, lakini aisee nimekaa na hizo tairi mwaka mzima na hakuna fundi aliyewahi kuniuliza.

Akasema gari ilale pale. Mi nikaona hapa nachunwa, lakini sababu yake ilikuwa anataka kuiwasha ikiwa ya baridi kabisa. Nikarudi saa moja asubuhi, mwezi wa saba Iringa mnaujua, watu wamejifunga mashuka. Boneti iko wazi, mzee kaweka mkono mmoja kwenye rejeta na mwingine kwenye hosi, kijana akawasha. Tukasimama tu. Dakika tano, dakika kumi. Akanishika mkono akauweka pale, "unasikia?" Rejeta na hosi vinapata uvuguvugu pamoja, polepole, tangu mwanzo. Akaniambia injini yenye afya haigawi joto mapema hivyo, inayazuia maji yake kwanza mpaka yaive ndo inayaruhusu yaende kwenye rejeta.

Tukatoka nayo barabara ya Mafinga mpaka mbele ya Tanangozi, yeye anaendesha. Na hapa ndo pa kusoma vizuri kama una otomatiki ya umri huu. Kwenye 100 mshale wa mizunguko ulikuwa umekaa karibu 3,000. Pembeni ya gia kuna kitufe cha ovadraivu, ukikizima taa ya O/D OFF inawaka dashibodi na gari inanyimwa gia ya nne. Akakibonyeza tukiwa kwenye mwendo uleule. Taa ikawaka, mshale haukusogea hata kidogo. Akakirudisha, kimya. Akacheka peke yake. "Unanyang'anywaje kitu ambacho huna?" Gari ilikuwa inatembea na gia ya tatu safari nzima, kila wiki mbili, Njombe na kurudi, na mi nimekaa humo ndani nasikiliza redio.

Na geji ya joto ilikuwa kwenye robo. Mi siku zote nilikuwa najivunia hiyo robo, naona gari yangu haichemki.

Tulivyosimama akazunguka magurudumu yote anagusa rimu kwa nyuma ya kiganja. Tatu vuguvugu, ya mbele kushoto ya moto mpaka akauvuta mkono. Kalipa ya mbele ya hizi Prado, ile inayobana breki, ina pistoni nne, mbili zilikuwa zimeshika kutu, breki inajikokota muda wote. Hiyo peke yake inakula mafuta na ingekuja kunila na mimi kwenye ule mteremko wa kushuka mjini.

Kurudi gereji akachukua kipande cha waya, ndani ya boneti kuna kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akaniambia nikae ndani niangalie taa ya injini baada ya kufungua swichi bila kuwasha. Taa ikapepesa, pa pa pa pa, haraka, bila kupumzika. Kama kungekuwa na kosa taa ingepepesa kwa mafungu ungehesabu, mbili ikapumzika ikapiga mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Yangu ilikuwa haina kosa. Maana yake sensa inasema ukweli, maji kweli ni ya baridi. Kipande cha waya hicho, tableti ilishindwa.

Ndo wakafungua nyumba ya thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Tupu. Kumebaki gasketi tu na kutu kidogo.

Sasa huyo aliyeitoa simlaumu sana, najua kwa nini alifanya. Hizi 1KZ zina sifa ya kupasuka hedi zikichemka, kila mwenye nayo ana hofu hiyo, na kwetu dawa ya hofu ni kung'oa thamostati halafu unaambiwa sasa mzee hata upande mlima wa Kitonga na mzigo haichemki. Haichemki kweli! Ila kompyuta ikiona maji ni ya baridi inaamini ndo kwanza umewasha gari asubuhi. Injini inapewa mafuta ya kuamkia na giaboksi inakatazwa gia ya nne mpaka maji yafike kitu kama nyuzi 60, na ile konveta inayounganisha injini na giaboksi kwa mafuta nayo inakatazwa kujifunga ikashikana moja kwa moja, kwa hiyo nguvu nyingine inapotelea kwenye kukoroga oili. Dar na lile joto labda ungeponea siku nyingi. Huku kwetu, unatoka Mafinga saa kumi na mbili asubuhi na ukungu, upepo wote unapiga rejeta, maji yatafikaje huko?

Nikamuuliza na je nozo? Akasema nozo zilizochoka zingekuonyesha moshi na mlio, ulikuwa na moshi? Sikuwa na moshi. Basi.

Mengine yalikuwa madogo. Filta ya hewa imejaa vumbi, ikabadilishwa, hata hela hakuiandika. Oili ya giaboksi imekuwa kama kahawa, wakamwaga ile inayotoka kwa chini tu na kurudisha lita nne mpya, kuisafisha yote kwa mashine alikataa, anasema giaboksi ya zaidi ya miaka 25 usiishtue. Ila kuna kitu hapo, ile gereji ya vigae walipima oili hiyo gari ikiwa imezimwa wakaniambia imejaa. Mzee akapima ikiwa ya moto, inaunguruma, gia iko P, ikaonekana imepungua. Ukizima oili inarudi chini kwenye sampu, lile bakuli la chini, na kijiti kinakudanganya.

Hesabu yangu pale: thamostati na gasketi 55,000, vifaa vya kukarabati kalipa 40,000, kulanti (maji ya rejeta) 60,000, oili ya giaboksi 72,000, ufundi 80,000. Jumla 307,000. Hiyo ya thamostati alinituma mwenyewe dukani na akanikataza kununua ya bei ya chini, nilivyoileta akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani tukaiangalia inavyofunguka maji yakikaribia kuchemka. Mama ntilie alilalamika sana kuhusu sufuria yake na alikuwa na haki.

Siku ya kwanza kutoka nayo nilikuwa naitazama geji kuliko barabara. Mshale ukapanda, ukapita robo, moyo ukadunda, ukasimama chini kidogo ya katikati na haukutoka hapo. Baada ya Tanangozi nikasikia gari inavuta pumzi, mshale wa mizunguko ukashuka, kisha sekunde chache mbele ukashuka tena kidogo kama kuna gia ya tano, kumbe ndo ile konveta imejifunga. 100 kwenye 2,200 hivi. Redio nilikuwa nimeizoea kwa sauti ya juu, ikabidi niipunguze. Njombe na kurudi, pampu ileile, lita 54. Ukitumia kilomita za kweli 440 ni 8.1 kwa lita. Lita 22 kila safari zilikuwa zinaenda hewani, na dizeli tunanunua kwa bei tunayoijua.

Sasa mbona nyota nne na sio tano. Kwanza simu hapokei, mi nilipiga mara sita. Pili hana risiti ya mashine, kama gari ni ya ofisi utapata tabu na mhasibu. Kijana mmoja alikalia siti yangu na ovaroli yenye grisi, doa lipo mpaka leo, na boliti moja ya ngao ya chini hawakuirudisha, nimeigundua kwa mlio kwenye matuta ya Ifunda. Na hana haraka. Hana haraka hata kidogo, kuna saa nzima aliacha gari yangu wazi akaenda kubishana na dereva wa Scania habari za mpira.

Kalipa ya kulia kasema nayo inakaribia, narudi Jumamosi, na safari hii naenda na kigoda changu. Ukitaka kwenda nawe peleka gari jioni uiache ilale, mwambie uliipima vipi na tairi zako saizi gani, na habari za nozo usizianzishe wewe.