TP-Link Archer C6: ruta nzuri ya kuanzia, ukijua kusoma taa yake

Kwa anayefunga ruta nyumbani kwa mara ya kwanza, Archer C6 ina sifa inayozidi kasi na idadi ya antena: ikigoma, inakuonyesha ilipogomea. Itazame taa ya intaneti. Ikiwaka kijani, kila kitu kiko sawa. Ikiwa ya rangi ya chungwa, waya umekaa vizuri lakini intaneti haijaingia. Ikizimika kabisa, angalia waya wenyewe, au modemu (kifaa kinacholeta intaneti ya mtoa huduma nyumbani) kama ina umeme. Wengi wakiona chungwa huamua kwamba ruta ni mbovu, kumbe kilichokosewa ni aina ya muunganisho iliyochaguliwa kwenye mipangilio.

Antena 4 za nje zimefungwa moja kwa moja, hazichomolewi. Nyuma kuna matundu 5 ya waya: la bluu ni WAN, linalopokea intaneti, na 4 ni LAN, yanayoigawa kwa kompyuta na televisheni. Yote 5 ni ya gigabiti 1 kwa sekunde, jambo zuri kwa ruta ya daraja hili. Tundu la USB halipo. Aliyekusudia kuchomeka diski ya kutumiwa na nyumba nzima, au modemu ndogo ya laini ya simu, atafute ruta nyingine mapema.

Anza kwa kuzima modemu na kuiacha hivyo dakika 2. Hatua hii hurukwa sana, na ina sababu yake: baadhi ya modemu hukumbuka anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa cha mtandao) ya kifaa cha mwisho kilichochomekwa, na zisipozimwa hukataa kuihudumia ruta mpya. Chomeka waya kutoka modemu hadi tundu la WAN, washa modemu, subiri taa zake zitulie, kisha washa ruta. Waya ukiuingiza kwenye LAN kimakosa, Wi-Fi itaonekana na simu zitaunganika, lakini modemu na ruta zitaanza kugombania kugawa anwani za mtandao kwa vifaa vyako na utahangaika bila kujua kwa nini.

Geuza ruta uone kibandiko cha chini. Jina la Wi-Fi linaanza na TP-Link_ na nywila yake ni tarakimu 8. Ukitumia simu, zima data kwanza. Simu ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti hukimbilia data, na ukurasa wa ruta haufunguki ng'o. Fungua kivinjari, andika tplinkwifi.net kwenye upau wa anwani, si kwenye kisanduku cha kutafutia. Ikishindikana, andika 192.168.0.1. Ruta itakutaka utunge nywila ya kuingilia mipangilio, na hilo tunalisifu, maana nywila za kiwandani zinazofanana kila mahali ni mlango wazi. Isifanane na ile ya Wi-Fi: mgeni unayempa Wi-Fi hana haja ya kufika kwenye mipangilio.

Sasa ndipo penye kazi. Ukurasa unauliza aina ya muunganisho, na kitufe cha Auto Detect hukisia chenyewe iwapo waya uko kwenye WAN. Kama modemu ndiyo inayofanya kazi ya kuingia mtandaoni, jibu ni Dynamic IP, yaani ruta hupewa anwani yenyewe, na huna cha kujaza. Kama ni PPPoE, yaani ruta ndiyo inayoingia mtandaoni, unahitaji jina la mtumiaji na nywila kutoka kwa mtoa huduma wako. Ziombe kabla hujaanza, kwa maandishi, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Nafasi moja tupu iliyonakiliwa mwishoni mwa nywila inatosha kuiacha taa kwenye chungwa.

Ikiwa modemu yako nayo ni ruta, utakuwa na ruta mbili zilizopangwa foleni. Kurasa zitafunguka kama kawaida, ila baadhi ya michezo ya mtandaoni na kamera za ulinzi zitasumbua. Dawa ni kuingia Operation Mode na kuigeuza C6 kuwa Access Point, yaani kisambaza Wi-Fi tu kisichogawa anwani, kisha kuzima Wi-Fi ya modemu.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi, Mbps (megabiti kwa sekunde) 1200, ni jumla ya 300 za masafa ya 2.4 GHz na 867 za 5 GHz, ikakadiriwa juu. Simu moja haitumii yote mawili kwa pamoja, na hata 867 ni kasi ya hewani ambayo upakuaji halisi haufiki. Hii ni Wi-Fi 5, kiwango kilichopitishwa mwaka 2013, lakini kwa laini ya nyumbani ya Mbps 100 inatosha kabisa. Tumia 5 GHz sebuleni ilipo ruta, na 2.4 GHz vyumba vya mbali, kwani 5 GHz huchoka haraka kwenye kuta za zege. Majirani wakiwa wengi, weka 2.4 GHz kwenye chaneli 1, 6 au 11, upana wa 20 MHz. Hizo 3 haziingiliani.

Laini ikiwa ya juu ya Mbps 100 na kipimo kinagota kwenye 95 hivi, usiilaumu ruta. Chomoa waya uutazame kichwa chake cha plastiki angavu: nyuzi 8 za rangi zinapaswa kufika zote hadi mwisho, zikigusa vibati vya shaba. Gigabiti inahitaji jozi zote 4, na uzi mmoja ukilegea muunganisho huweza kushuka hadi Mbps 100. Nunua waya wa Cat5e (daraja la waya linalobeba gigabiti) au zaidi.

Ukisahau nywila ya mipangilio, bonyeza Reset kwa pini hadi taa zimetemete. Kila ulichopanga kitafutika, zikiwemo taarifa za PPPoE, kwa hiyo ziwe karibu nawe kabla hujaigusa hiyo pini.