Mashine ya kwanza ya polishi kwa mfuko mwembamba, na pedi zake

Kwenye buti la Raum ya shemeji yangu, ukingoni upande wa kushoto, kuna alama ya ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Klia, ile tabaka angavu ya juu, imekwisha, rangi imekwisha, kinachoonekana ni praima ya kijivu iliyopakwa chini ya rangi. Alama hiyo niliiweka mimi, Chumbageni, chini ya mwembe, kwa mashine niliyoinunua asubuhi ya siku hiyo hiyo. Boksi liliandikwa wati 1400, na mwenye duka aliniambia hii ndiyo wanayotumia mafundi. Hakusema uongo. Mafundi kweli wanaitumia. Ila mimi sikuwa fundi.

Tangu siku hiyo nimeshika mashine kadhaa, zangu na za kuazima, na kila mwezi hapa Tanga naulizwa swali lile lile na mtu mwenye IST au Vitz iliyofifia: "Kaka, ninunue ipi?" Hapa najibu kwa anayetaka kupiga gari lake mwenyewe, pengine na la jirani, na mwenye kama laki mbili na nusu hadi laki tatu na nusu kwa kila kitu, si kwa mashine peke yake. Bei ya kitu kimoja kimoja siitaji, maana inabadilika kila kontena likishuka.

Magari ya huku yana shida zake. Jua ni kali, hewa ya bahari ina chumvi, na anayekaa njia ya Pongwe au Amboni analijua vumbi la chokaa na saruji. Vumbi lenyewe lingekuwa na nafuu. Linaloharibu ni kulifuta likiwa kavu. Kijana anapita kitambaa kwenye boneti asubuhi, gari linang'aa, na kumbe amelipiga msasa. Likisimama juani unaona mistari ya duara kama utando wa buibui. Mistari hiyo ndiyo tunayoitoa kwa mashine.

Na hutolewa kwa kupunguza klia, hakuna njia nyingine. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani kwako mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya bodi huwa nyembamba zaidi. Kumbuka hilo kabla ya kuangalia wati.

Nafasi ya kwanza: DA ya milimita 8, sahani ya inchi 5

Mashine hizi ni za aina mbili kuu. Rotari huzungusha pedi, yaani sponji au sufu inayogusa rangi, mahali pamoja, kama grainda iliyopunguzwa mwendo. DA (dual action, mwendo wa aina mbili) huzungusha pedi na wakati huo huo huitikisa pembeni, kwa hiyo hakuna sehemu ya rangi inayosuguliwa mfululizo kwa njia moja. Faida yake kubwa kwa anayeanza ni hii: ukiikandamiza sana au ukiilaza upande, pedi inaacha kuzunguka na kubaki ikitikisika tu. Inakuudhi, lakini haikuachii praima ya kijivu.

Kwenye boksi la DA utaona namba ya milimita: 8, 12, 15, hata 21. Huo ni upana wa mtikiso. Wauzaji watakusukumia ya 15 kwa sababu inamaliza kazi haraka, na ni kweli, kwenye paa la Noah au mlango wa Alphard inatembea vizuri. Lakini angalia magari tuliyonayo. Vitz, Passo, IST na Raum zimejaa mikunjo, na mtikiso mpana ukikutana na mkunjo pedi inasimama. Ya milimita 8 inatembea huko bila ubishi, na kwa kawaida haikuchoshi mikono kwa kutetema. Inakwenda polepole, ndiyo. Gari dogo litakula siku yako nzima ya Jumapili. Una haraka ya wapi?

Sahani, ile inayoshika pedi, iwe ya inchi 5, si 6. Na uulize kama inafunguka, ili baadaye uweke ya inchi 3 kwa bampa na nguzo za milango. Kama haifunguki, irudishe rafuni.

Nikiwa dukani huwa na kalamu ya maka mfukoni. Chora mstari mmoja kutoka katikati ya sahani hadi ukingoni. Vesha pedi, washa spidi ya 5, weka juu ya kitu laini na bapa, kandamiza kwa kiasi. Ukiuona mstari unazunguka kama mshale wa saa wenye haraka, mashine ina nguvu ya kutosha. Mstari ukisimama na mashine inalia tu, hiyo itakusumbua. Mwenye duka akikataa kujaribu, nenda duka jingine. Hizi ni hela zako, na Barabara za Ngamiani hazijaisha.

Nafasi ya pili: DA ya milimita 15

Ni kwa mwenye gari kubwa lenye bodi bapa, au asipoipata ya 8. Vigezo vingine ni vile vile. Hakikisha tu spidi zake zinaanzia chini, kwani ukiiwasha ikiwa tayari inakimbia, kompaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi, yote itaishia ukutani na kwenye shati lako.

Nafasi ya tatu: rotari, lakini si rotari yoyote

Hii ndiyo imejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Tanga na Dar. Chapa za bei ya chini kama Ingco na Total zimeenea, na ni rahisi kuulizia kaboni za mota au swichi yake ikifa. Mimi siichukii rotari. Kwa mikwaruzo ya msasa na rangi iliyokwajuka kabisa inafanya kwa dakika kumi kazi ya DA ya nusu saa. Ukitaka kufanya biashara na fundi rangi, utaihitaji siku moja.

Ukiinunua iwe ya kwanza, angalia mambo mawili. Ianze polepole ukibonyeza swichi, na spidi yake ya chini iwe karibu na mizunguko 600 kwa dakika. Ikiwa imeandikwa inaanzia 1000 na zaidi, waachie wengine. Nafuu yake ni kwamba nyingi hutumia uzi wa M14, ule ule wa grainda, kwa hiyo sahani ndogo ya bei nafuu haikosekani. Ile sahani ya milimita 180 inayokuja nayo ivue, uweke ya 125. Mkono wa mgeni hauiwezi pedi kubwa yenye nguvu.

Nafasi ya nne: mtumba kutoka Japani

Hapa watu wanaumia kila siku. Mashine ni nzuri, nzito, imara, bei ya kutupa. Geuza usome kibati: 100V. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ukiichomeka kwenye soketi ya nyumbani utasikia ikikimbia ajabu, kisha harufu, kisha kimya. Za Uingereza zilizotoka kwenye maeneo ya ujenzi, zenye plagi ya njano, ni za volti 110, nazo hatari yake ni hiyo hiyo. Utaambiwa ununue transfoma. Ukijumlisha bei ya transfoma yenye uwezo wa kubeba mota hiyo, ungepata DA mpya. Kama kibati kinasema 220 hadi 240, jaribu, sikiliza beringi, chungulia kaboni, na unaweza kuwa umeokota dodo.

Za betri zipite tu. Betri mbili zenye maana zinamaliza bajeti yote kabla hujanunua pedi. Rupes ya Italia na Flex ya Ujerumani nazo ni nzuri mno, lakini hatuzungumzii mfuko huo leo.

Usivyovinunua kabisa

Kuna kile kimashine cha duara kipana kama sinia, chenye mikono miwili na kofia za kitambaa za kuvalishwa kwa lastiki. Kinauzwa kwa jina la mashine ya polishi. Ni cha kupaka nta. Mkwaruzo hakiutoi, utapiga mpaka adhuhuri na utando wa buibui utakuwepo pale pale.

Pedi kwenye grainda ya kawaida, hapana. Grainda ndogo inakwenda mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Hapo si polishi tena. Drili ni hadithi nyingine: kama unayo tayari nyumbani, pedi ya inchi 3 kwenye drili inasafisha taa za mbele zilizokuwa njano. Taa tu, bodi usiiguse.

Sasa pedi, ambako watu hubana pasipo kubanwa

Mtu ananunua mashine ya laki mbili na pedi moja. Akifika mlango wa pili, sponji imelowa kompaundi na unga wa rangi, imepata moto, katikati imebonyea, haikati tena. Anasema mashine mbovu. Mashine haina kosa.

Afadhali mashine ya bei ya chini kidogo na pedi sita. Kwa gari dogo mimi natumia za ukataji wa kati nne, ngumu moja kwa sehemu sugu, na laini moja ya kumalizia. Bajeti ikiwa nyembamba sana, acha hiyo laini kwanza. Kwa rangi nyeupe na ya fedha, ambazo ndizo nyingi mitaani, ya kati inakufikisha mahali pazuri. Mwenye gari jeusi ndiye hatakwepa kuinunua.

Usichague kwa rangi ya sponji. Njano ya kiwanda hiki ni kali, njano ya kiwanda kile ni laini kama keki. Bonyeza kwa dole gumba, linganisha mbili mbili. Kisha tazama unene: kwa DA chukua nyembamba, kama milimita 25, kwa sababu sponji nene inameza mtikiso wote na rangi haipati kitu. Pedi iizidi sahani kidogo kila upande. Sahani ya milimita 125 na pedi ya 140 au 150 zinaendana, na ukingo mgumu wa sahani hautagusa bodi.

Jambo la mwisho kwenye pedi ni velkro. Shika ukingo uvute taratibu. Gundi ikianza kuachia dukani, kwenye joto itaachia katikati ya boneti. Jirani yangu mmoja pedi yake iliruka ikatua kwenye karai la mihogo ya kukaanga ya mama wa upande wa pili. Alilipa karai zima.

Pedi za sufu ni za rotari na rangi ngumu, zinakata sana na kuacha ukungu unaohitaji kupitiwa tena na sponji. Za mikrofaiba kwenye DA zinakata vizuri pia, lakini hujaa haraka na lazima uzisugue kwa brashi kila baada ya sehemu moja. Ukimaliza kazi, osha sponji kwa sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, kamua bila kusokota, anika kivulini velkro ikiwa juu ili maji yatoke upande wa sponji, si upande wa gundi. Kwa unyevu wa hapa, ukizifungia kwenye mfuko zikiwa mbichi utakuta ukungu.

Kugawa hela na kuanza

Mimi hugawa hivi: nusu ya hela mashine, robo pedi, robo inayobaki kompaundi moja ya kati, taulo za mikrofaiba sita na tepu ya karatasi. Kama Tanga hukuipata DA, mtu wa Kariakoo au Gerezani anaweza kukutumia kwa basi, lakini akutumie kwanza video ya mstari wa maka ukizunguka, na uidai risiti ya EFD iwe ndani ya boksi. Kompaundi yenye kung'arisha papo hapo iogope kidogo. Nyingine hujaza tu mikwaruzo kwa mafuta. Ifute kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Mistari ikirudi, umejua.

Osha gari kwanza, chumvi yote itoke. Vaa mfuko laini wa plastiki mkononi upitishe juu ya boneti: ukisikia chembechembe, rangi bado haijawa tayari kwa pedi. Bandika tepu kwenye kingo zote na kwenye plastiki nyeusi. Piga asubuhi kabla bodi haijapata joto, chini ya bati au turubai. Mwembe haufai, unadondosha utomvu, na kunguru wa Tanga mnawajua.

Kabla ya kuwasha, tafuta kibati cha gari usome namba ya rangi baada ya C/TR. Ukikuta 040, ile nyeupe ya Toyota, nyingi zilipigwa bila klia. Pedi itageuka nyeupe pepe na moyo utakuruka kama ulivyoniruka mimi. Ni rangi yenyewe inayotoka kidogo kidogo, kawaida. Kwenye gari la fedha au jeusi lenye klia, pedi ikianza kushika rangi ya gari, zima mashine hapo hapo.

Anza na mlango wa nyuma, kipande cha sentimita 40 kwa 40, matone manne ya kompaundi. Boneti iache mpaka wiki ijayo.