Quantum ESPRESSO na oksidi za metali za mpito: tathmini

Quantum ESPRESSO ni programu huria ya kukokotoa tabia za elektroni ndani ya maada. Tathmini hii inahusu kazi yake moja tu, tena iliyo ngumu: oksidi za metali za mpito (kama chuma, nikeli na kobalti), ambamo elektroni za obiti d, yaani kundi la nafasi za elektroni ndani ya atomu, husukumana kwa nguvu kiasi kwamba ukokotoaji wa kawaida hupotoka. Oksidi ya chuma, FeO, huonekana kupitisha umeme ilhali ni kihami, na oksidi ya nikeli hupewa pengo la nishati (nishati ambayo elektroni huhitaji ili ianze kupitisha umeme) dogo mno kuliko elektronivolti 4 hivi zinazopimwa maabara.

Dawa yake ni kuongeza U ya Hubbard, yaani gharama ya nishati ya elektroni mbili kukaa kwenye obiti d za atomu moja, njia iliyotokana na kazi ya wanafizikia Anisimov, Zaanen na Andersen ya mwaka 1991. Sifa kubwa ya programu hii ni sehemu yake iitwayo hp.x, inayokokotoa U kutoka kwenye maada yenyewe, badala ya mtumiaji kuipandisha na kuishusha mpaka jibu lifanane na vipimo (desturi ambayo, kwa maoni yangu, imevumiliwa mno).

Kipimo halisi ni LaCoO3, oksidi ya lanthani na kobalti. Ioni yake ya kobalti ina elektroni 6 za d: zikikaa zote kwa jozi, spini (sifa ya elektroni inayozaa usumaku) kwa jumla ni sifuri, zikitawanyika kwa kanuni ya Hund, inayozitaka zikae mojamoja kadiri inavyowezekana, spini hufika 2, na katikati ipo hali ya spini 1, ambayo imezua ubishi wa miaka mingi. Usumaku wa maada hii huongezeka joto linapokaribia kelvini 100, jambo linaloonyesha kwamba hali hizo zinapishana kwa nishati kidogo sana. Ukiongeza U, mizani huelekea spini ya juu. Ndiyo maana kuazima U ya mtu mwingine ni hatari, kwani thamani hiyo hubadilika kulingana na faili za potenshali (zinazowakilisha kiini cha kila atomu pamoja na elektroni zake za ndani) na aina ya obiti zilizochaguliwa.

Faili la matokeo huchapisha matriki za ujazo wa obiti, yaani majedwali yanayoonyesha kila obiti imejazwa kiasi gani, na hapo ndipo pa kusoma kwa makini. Katika spini ya chini, obiti tatu za d zenye nishati ya chini, ziitwazo t2g, hukaribia 1 (yaani hujaa) kwa kila upande wa spini, lakini zile mbili za juu, ziitwazo eg, hazishuki hadi sifuri, kwa kuwa zimechanganyika na obiti za oksijeni. Mgeni anaweza kudhani amepata spini ya kati.

Mipaka ipo. Usumaku unaoandikwa mwanzoni ni pendekezo tu, hivyo hesabu inaweza kutua kwenye hali isiyo ya chini kabisa kinishati, na ni lazima kuanzia sehemu kadhaa na kulinganisha. Nishati inayopatikana ni ya kelvini sifuri. Mabadiliko ya spini yanayoletwa na joto yanahitaji kazi ya ziada. Aidha, kuanzia toleo la 7.1, U huandikwa kwenye kadi ya HUBBARD, yaani sehemu maalumu ya faili la maagizo, kwa hiyo faili za zamani zinahitaji kuandikwa upya.