Dizeli, Dar hadi Tunduma: mafuta hayana neno, tatizo ni sakafu

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ina zaidi ya kilomita 900, na kuanzia Kibaha, Chalinze, Morogoro, Makambako mpaka Mbeya hukosi sheli. Dizeli ipo, bei iko kwenye bango, risiti unapewa. Ila ukishuka upande wa pampu ya dizeli unaanza kutafuta pa kukanyaga.

Petroli ikimwagika huruka, na baada ya dakika chache sakafu imekauka. Dizeli haina tabia hiyo. Sehemu yake kubwa haichemki mpaka ivuke nyuzi 180, kwa hiyo jua la Chalinze haliifanyi kitu. Inakaa hapo, inashika vumbi, inageuka utelezi mweusi, kisha inapanda na soli ya kiatu mpaka kwenye pedali na zulia la gari. Ukifunga vioo na kuwasha kiyoyozi, harufu unayo mpaka Mikumi. Pale ambapo sakafu ni ya lami hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa dizeli huilainisha lami na kuimomonyoa. Sheli iliyojengwa na mtu anayejua kazi huwekwa zege chini ya pampu.

Uchafu wenyewe huanzia kwenye nozeli. Ile ya kawaida ya dizeli ina mdomo wa kama milimita 25 na hutoa takriban lita 40 kwa dakika. Sheli nyingine za barabara kuu zina pampu za malori, zenye mdomo mnene zaidi na kasi inayoweza kufika lita 120 kwa dakika. Kwa semi yenye tenki la lita 400 hiyo ni neema. Kwa Hilux ya lita 80 au Hiace ya lita 70 ni balaa: mdomo hauingii vizuri, mhudumu anaushikilia juu juu, hewa ya ndani ya tenki inakosa njia ya kutokea, na mafuta yanatemwa hadi kwenye mkono wa shati lake. Ukiona foleni ya malori kwenye pampu hiyo, usijipange nyuma yao. Uliza pampu ya magari madogo.

Kisha kuna povu. Dizeli ikiingia kwa kasi huchanganyika na hewa na kutoa povu. Kwenye ncha ya nozeli kuna kitundu kidogo kinachovuta hewa wakati mafuta yanapita, na kikizibwa, nozeli hujifyatua yenyewe. Kitundu hicho hakijui tofauti ya povu na mafuta. Nozeli ikikata, mhudumu anaamini tenki bado, anabonyeza tena, inakata, anabonyeza, na kila mara kijiko kimoja au viwili vinaruka nje. Mara nyingi hafanyi hivyo kwa uzembe. Anatafuta hesabu iishie kwenye elfu kamili ili asihangaike na chenji, na sisi wateja ndio tuliomzoesha kwa kusema “malizia iwe sabini”.

Dawa yake ni kuagiza mapema. Ukitaka fulu, mwambie kaka au dada wa pampu: “Ikikata mara ya kwanza, acha.” Kama ni lazima kuongeza, asubiri nusu dakika povu lishuke, kisha abonyeze taratibu mara moja tu. Kwa gari ambalo nozeli hukata kila baada ya lita mbili, airudishe nyuma sentimita mbili au tatu na kuizungusha robo duara. Likiendelea hivyo kwenye kila sheli, pampu haina kosa. Kagua mpira mwembamba wa kupumulia unaokwenda sambamba na bomba la kujazia. Kwa magari ya shamba na mgodini huziba kwa tope, au hukunjika baada ya fundi kushusha tenki na kulirudisha vibaya.

Kujaza hadi shingoni kuna hasara nyingine. Lita 80 zilizotoka kwenye tenki la ardhini zikipata joto la nyuzi 15 zaidi huongezeka kwa kama lita moja. Lita hiyo haina pa kwenda ila nje.

Matone ya mwisho ndiyo yanayoonyesha mhudumu aliyefundishwa. Baada ya kukata, huacha mdomo wa nozeli ndani ya shingo ya tenki, huinua mshikio kidogo, hugonga mara moja, huhesabu mpaka kumi, halafu huutoa ncha ikitazama juu na kitambaa kikiwa chini yake. Asiyejua huuchomoa moja kwa moja, na kwenye ubavu wa gari unabaki mchirizi ambao vumbi la kesho litaugeuza mweusi. Tazama chini ya kidirisha cha tenki cha Hiace yoyote yenye umri.

Usafishaji ndio unaoziangusha sheli nyingi. Mhudumu anamwaga ndoo ya maji! Dizeli huelea, kwa hiyo maji yanaitandaza tu. Inatakiwa mchanga mkavu au maranda ya mbao, yaache yanyonye kwa dakika kumi, yazolewe, ndipo ije sabuni na brashi. Mikononi ni vivyo hivyo: pakaa mafuta ya kupikia kidogo, sugua na sukari, halafu sabuni. Anayetumia dizeli kunawia dizeli hukausha ngozi mpaka ipasuke.

Kwa ujumla huduma ya njia hii inastahili nyota tatu kati ya tano. Sheli ya nyota tano ina ndoo ya mchanga inayotumika kweli, kitambaa kimoja kwa kila nozeli, na mhudumu anayeuliza “dizeli au petroli?” kabla ya kugusa mfuniko. Swali hilo lina uzito, maana nozeli ya petroli ni nyembamba na huingia kwenye tenki la dizeli bila kipingamizi.

Kabla ya kuondoka, tazama mpira wa mviringo ndani ya mfuniko. Ukishakuwa mgumu na kupasuka, tenki lililojaa huvuja kila unapokata kona, na dizeli hiyo anaikuta dereva wa bodaboda kwenye kipilefti.