Star Trek ipumzishwe kwanza: uzoefu wangu wa kuitazama tangu mikanda ya video

Naipenda Star Trek kuliko tamthilia nyengine yoyote ya televisheni, na naona wakati umefika iachwe ipumzike miaka kadhaa. Sisemi kwamba yote imeharibika. Ninachoona ni kuwa wanaoitengeneza hawapewi nafasi ya kutunga visa vipya, wanabaki kuvichokonoa vile vya zamani, na sisi tunaoipenda tunakubali chochote kwa kuwa kimebeba jina lile.

Kwa asiyeijua, ilianza kuoneshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mwanzilishi wake ni Gene Roddenberry. Kuna chombo cha anga, Enterprise, kinachozunguka kwenye nyota na kukutana na viumbe wa kila namna. Nahodha wake ni Kirk, na msaidizi wake ni Spock, ambaye mama yake ni binaadamu na baba yake mtu wa sayari ya Vulcan. Kwenye chumba cha kuongozea chombo alikuwamo pia Uhura, ofisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, wakati ambapo watu weusi wa Marekani walikuwa bado wanapigania haki zao mitaani. Ilikwenda misimu 3, episodi 79, ikakatwa mwaka 1969. Na hapa ndipo hoja yangu inapoanzia, kwa sababu Star Trek ilikua baada ya kukatwa. Vituo vya televisheni viliirudia kila siku, wapenzi wake wakawa wanakusanyika, na mwaka 1976 barua zao ndizo zilizofanya chombo cha majaribio cha safari mpya za anga za Marekani kiitwe Enterprise. Filamu ya kwanza ikaja mwaka 1979. Miaka 10 bila ya episodi mpya ya waigizaji wale, ukiacha katuni ya 1973 hadi 1974 waliyoitilia sauti, haikuiua, iliipa watu.

Sisi huku Unguja tuliipata kwa mikanda ya video, baadaye sidii, na siku hizi kijana anachukua flashi anakwenda Darajani anajaziwa msimu mzima. Ile tuliyoishika kweli nyumbani ni The Next Generation, mojawapo ya tamthilia za Star Trek zilizokuja baadaye, iliyoanza 1987, ya Nahodha Picard. Nyumba yetu ya Kikwajuni haina utulivu wa kutazama kitu kwa saa tatu. Baada ya sala ya isha televisheni inawashwa ukumbini, jirani anaingia kuomba kitu, mtoto anatumwa kununua tukuza (umeme wa kulipia kabla), umeme wenyewe una siku zake. Lakini episodi moja ilikuwa dakika 45, ina mwanzo na mwisho wake, na aliyekaa akaitazama yote alinyanyuka na kisa kizima.

Nitatoa mfano wa episodi moja tu, ya mwaka 1991. Picard anakutana na watu wa kabila la Tamaria. Chombo cha kutafsiri kinatoa maneno yao sawasawa, lakini hakuna anayepata maana, kwa sababu wale watu wanazungumza kwa kutaja visa vyao vya kale tu: fulani na fulani walikuwa mahali fulani, ukuta ulianguka, mikono yake imefunguka. Nahodha wao, Dathon, anamchukua Picard wakateremka kwenye sayari wao wawili tu, kisha anamrushia jambia. Picard anadhani anaitwa kwenye ugomvi na anakataa kulishika.

Marehemu bibi yangu, mtu wa Wete, alikuwa amekaa nasi. Kiingereza hajui, mimi ndiye niliyekuwa namwambia kinachosemwa. Nilipomueleza kuwa hawa watu kila neno lao ni kisa cha zamani, akasema, "Basi si mafumbo hayo! Huyo anampa kisu wapigane pamoja, kuna kitu kinakuja. Mbona hafahamu?" Na kweli, dude likaja. Kwa mtu aliyekulia kwenye kanga na taarab, kutupiwa maneno akayadaka ni kazi ya kila siku, kwa hiyo bibi alimtangulia Picard kwa robo saa nzima. Picard anakuja kufahamu katikati ya mapigano, na papo hapo watu wake kule juu wanajaribu kumnyakua wamrudishe chomboni. Dathon anabaki peke yake kwa muda na kujeruhiwa. Usiku ule Picard anamsimulia kisa cha Gilgamesh, shujaa wa hadithi za kale, mbele ya moto, na Dathon anakata roho. Bibi akasema, "Kafa, maskini, na mwenzake ndio kwanza kafahamu." Siku ya pili alikuwa anamhadithia jirani, kwa urefu, na jirani alifahamu kila kitu bila ya kuiona.

Sasa jaribu kumhadithia mtu Discovery, mojawapo ya Star Trek hizi mpya, kwa namna hiyo. Ilianza 2017, ikamalizika 2024, episodi 65. Sonequa Martin-Green ameigiza vizuri sana, na picha zake ni nzuri kuliko zote zilizotangulia. Lakini kila msimu ni jambo moja linalovutwa kutoka episodi ya kwanza hadi ya mwisho, na takriban kila mara jambo lenyewe ni balaa la kumaliza kila kitu: mara vita, mara mashine inataka kuua viumbe wote, mara nishati inaripuka galaksi nzima. Ukikosa siku mbili umepotea. Mpwa wangu alijitahidi kuanza katikati ya msimu, akawa anauliza huyu nani, yule kwa nini analia, mpaka akachukua simu yake akaenda zake uwani.

Ami yangu hakubaliani nami hata kidogo. Yeye alifanya kazi bandarini Malindi maisha yake yote, na mapenzi yake ni Deep Space Nine, ile ya kituo cha anga kinachopitiwa na wafanyabiashara wa kila kabila, chini ya Kamanda Sisko aliyeigizwa na Avery Brooks, baba anayemlea mwanawe peke yake. Hoja ya ami ina nguvu na lazima niijibu. Anasema, "Hiyo Deep Space Nine imetengenezwa 1993 hadi 1999, na karibu muda wote ule kulikuwa na nyengine inaendelea pembeni. Wingi haukuizuia kuwa nzuri. Sasa unataka kupumzisha kitu gani?"

Ni kweli, ami. Lakini tazama mwisho wa safari ile. Kutoka 1987 hadi 2005 hakukuwa na mapumziko: Next Generation episodi 178, Deep Space Nine 176, Voyager 172, na tamthilia iliyoitwa Enterprise 98. Jumla 624 kwa miaka 18. Na episodi ya mwisho kabisa ya Enterprise, ya Mei 2005, haikuwa hata ya waigizaji wake. Ilikuwa Riker na Troi wa Next Generation wanawatazama wale kama picha za maonesho. Waliotengeneza walichoka mpaka hawakuweza kuwaaga watu wao wenyewe bila ya kuazima wa zamani. Nililiona kosa la adabu kwa waigizaji wale, na bado naliona hivyo.

Naiona dalili ile ile leo. Msimu wa tatu wa tamthilia ya Picard, 2023, uliwarudisha wote wa Next Generation, na nililia kwa furaha nilipowaona wamekaa tena kwenye viti vyao. Lakini kilichoniliza kilijengwa tangu 1987. Strange New Worlds ndiyo iliyonifurahisha zaidi kati ya hizi mpya, kwa sababu imerudi kwenye mtindo wa kisa kimoja kwa episodi moja; hata hivyo imejaa Spock, Uhura na Kirk, watu ambao yatakayowafika tunayajua tangu zamani. Filamu ya Section 31 ya 2025 sitaki kuirefushia maneno, ni dhaifu.

Na tofauti na wakati wa Deep Space Nine ipo wazi. Zamani msimu ulikuwa na episodi 26 hivi, mwandishi ana nafasi ya kujaribu jambo geni, likishindikana wiki ijayo kuna jengine. Siku hizi ni 10. Halafu tangu 2017 kazi ya Star Trek imekuwa kuwavuta watu walipie huduma ya kutazama mtandaoni, kwa hiyo lazima kila wakati iwepo moja hewani ili mteja asijitoe. Kwa haraka hiyo utavuta majina yanayojulikana, kwa sababu jina linalojulikana halihitaji kutambulishwa.

Ninachotaka ni miaka mitano au zaidi bila ya tamthilia mpya hata moja. Waandishi wakae. Wakirudi, waje na nahodha tusiyemjua, chombo tusichokijua, waende mbele ya pale tulipofika, na kila episodi iweze kusimuliwa kibarazani na mtu aliyeiona mara moja. Za zamani hazendi popote, na ziko nyingi kiasi kwamba kijana anayeanza leo hatakosa cha kutazama.

Huyo anayeanza, namshauri aanze na msimu wa tatu wa The Next Generation, maana miwili ya mwanzo bado ilikuwa inajitafuta, kisha aende Deep Space Nine yote bila ya kuruka. Strange New Worlds aitie baada ya hapo. Discovery aiache kama hana usiku mtupu wa kukaa peke yake, na msimu wa tatu wa Picard asiuguse kabla hajaimaliza The Next Generation, kwa sababu atawaona wazee wanakumbatiana na hatajua wanalilia nini.